Kuku Mweusi na Mayai ya Bata

Sepuka, Singida

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye vumbi, nikiomba goti lako liwe limepoa na mvua za Kilosa zimekuachia njia ya kupita. Sisi ni wazima. Mume wangu Juma yuko shamba la kijiji, leo ni zamu yetu ya kupalilia mtama.

Yale mayai ya bata uliyonifungia kwenye pumba nilipokuja msibani yalifika, ila mawili yalipasuka kwenye basi. Watu walinicheka. "Bata Sepuka? Ataogelea wapi, na sisi wenyewe tunapanga foleni kisimani?" Mama mkwe peke yake hakucheka. Alimleta kuku wake mweusi, anayempenda kuliko mbuzi wake wote, akamlalisha juu ya mayai yako.

Siku za kuku kuangua zikafika, zikapita. Kimya. Kuku akakonda, manyoya yakachakaa. Tangu tuhamie kijiji kipya nyumba zimesogeleana, huwezi kuficha hata kikohozi, basi kila jirani akaja na lake. Mke wa balozi wa nyumba kumi akasema, "Mama, hayo ni viza. Tupa, uokoe kuku wako."

Kuku yule akifa, ningemtazamaje mama mkwe? Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba wewe ulisema bata hukawia.

"Mama yako amefuga bata?"

"Tangu sijazaliwa."

"Basi tungoje. Mama hamfungii mwanawe mayai na uongo."

Kila asubuhi alimwinua kuku kwa mikono yake, akamlisha mtama, akamnywesha, akamrudisha. Mwanamke yule ana moyo, nakuambia! Siku moja akatia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akayaweka mayai taratibu, eti lenye kifaranga hai litacheza majini. Yakaelea. Tukainama wote, hata Juma. Yai moja likatikisika, kisha la pili. Mama mkwe alipiga kigelegele, jirani akaja mbio na mwiko wa ugali mkononi.

Siku chache baadaye walitoka vifaranga saba. Bwawa hatuna na hawalidai. Tunawawekea maji kidogo kwenye sufuria kuukuu, wachovye vichwa tu, na yakichafuka tunamwagia mchicha. Kuku anawagombeza kila wakichovya, eti watoto gani hawa! Mke wa balozi naye sasa anaulizia mayai, hana hata haya.

Mama, siku naolewa ulilia kwamba umenipeleka kwa watu usiowajua. Nisikilize. Hapa kuku wako akilalia mayai ya mwenzako, mnagawana vifaranga. Mama mkwe amemchagua mkubwa kuliko wote, akamfunga uzi mwekundu mguuni. "Huyu ni wa mama yako," amesema. "Nilimwamini bila kumwona, sasa aje nimwone. Bata simtumi kwa basi."

Nisalimie shangazi, mwambie kanga aliyonipa bado haijachuja. Nisalimie kaka Seif na mkewe, na bibi mzaa baba, nampigia goti.

Uzi tumeshaulegeza mara mbili, maana mguu unanenepa. Usikawie, mama.

Mwanao akupendaye,
Zainabu