Ufa Juu ya Kitanda cha Mama

Bandarini, Chile

Kaka Lameck,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alitufundisha kwamba mkubwa ni mkubwa hata akikosea, usidhani moyo wangu umeridhika. Mimi ni mzima wa mwili. Ninyi huko Iyula mmeamkaje? Kahawa imeiva? Mgongo wa shemeji Eda umepata nafuu? Habari za mama sikuulizi, kwa kuwa zile unazonipa ni za uongo. Nitazisema mwenyewe humu.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu unanikatia. Mara tatu wiki hii nimepanga foleni na mabaharia wenzangu kungoja zamu ya kupiga, na mara tatu, nikitamka tu neno tetemeko, wewe huyo umekata. Basi soma karatasi, haina kitufe.

Mara ya mwisho uliniacha na maneno haya: "We Osia, utingo wa malori ya Tunduma leo umekuwa mtaalamu wa ardhi kwa kumenya viazi melini?" Ndiyo, kaka, namenya viazi. Namenya tangu kabla jua halijachomoza, meli ikiyumba mpaka sufuria nazifunga kwa kamba, na miezi miwili ya kwanza nilitapika hata maji. Lakini hao ninaowamenyea wanapima sakafu ya bahari, na chakula kikiisha hukaa mezani wakizungumza. Masikio sikuyaacha Tunduma.

Wanashusha mabomba chini kabisa, wanapandisha mawe. Nimeshika jiwe jeusi lenye ukingo unaong'aa kama chupa, nikaambiwa hilo ni changa sana, kwamba huko chini bahari imepasuka katikati, mawe ya moto yanapanda, yanapoa, yanakuwa sakafu mpya, na sakafu ya zamani inasukumwa pembeni polepole, kama ukucha unavyoota. Ikifika huku Chile inaingia chini ya nchi kavu. Inakwama, inavumilia, na siku inapojinasua watu wanazika watu. Hapa mjini hakuna familia isiyo na habari ya ukuta ulioanguka.

Nami nikajigamba kwamba kwetu hayo hayapo, kwetu ni milimani. Mtaalamu mmoja wa miamba, mama mtu mzima anayeitwa Rosa, akaenda kuleta ramani. Akapitisha kidole kutoka Ziwa Rukwa hadi Nyasa. Akasema nchi yetu nayo inaachana. Lile bonde la Galula tunaloshuka kwa pikipiki huku tumeshika roho mkononi halikuchimbwa na mto, ardhi yenyewe ilikatika ikashuka, na haijamaliza. Nilikumbuka ulivyonisimulia tetemeko la hapo Iyula huku unacheka, jinsi kuku walivyokimbia, mchungaji akaruka dirishani, na ukuta wako ukabaki na ufa.

Hapo nikatoa picha ya nyumba yako. Ndiyo, kaka, natembea nayo. Nimewaonyesha wengi: nyumba ya tofali za kuchoma, bati la kwanza pale kitongojini kwetu, kaka yangu kaijenga kwa kahawa yake. Nilidhani Mama Rosa ataisifu. Akachukua penseli, akazungushia ule ukuta wa pembetatu juu ya chumba cha mwisho, unaoshika bati. Akauliza: "Hapa pana linta, mkanda wa zege?" Nikasema hapana, fundi alitaka, kaka akaona ni kuchelewesha kazi. "Tofali zimeshikwa na nini?" Nikasema udongo. "Na nani analala chini yake?"

Kaka, pale ni kitanda cha mama.

Ndipo nilipokupigia nikakueleza, neno kwa neno, ukaitikia "sawa, sawa". Huku Chile, alivyonifundisha Mama Rosa, tetemeko likipita na ukuta ukabaki na ufa, fundi hupaka kipande chembamba cha saruji kukatiza ufa ule. Wanakiita shahidi. Hakizuii kitu. Kazi yake ni kukatika. Kikikatika ujue ukuta ungali unatembea, mtoe mtu ndani siku hiyohiyo. Wiki ya pili nikakuuliza, ukasema: "Kizima kabisa, kama kilivyopakwa." Nikamshukuru Mungu. Nililala usingizi kwa uongo wako.

Jumapili iliyopita nikapiga simu ya shemeji, akampa mama. Mama akakusifu! Akasema, "Kaka yako anajituma, mwanangu. Kile kisaruji chako kimeshakatika mara tatu, na kila kikikatika anapaka kingine." Mara tatu! Umemgeuza shahidi kuwa plasta ya kidonda. Kama hukunielewa, mdomo wa kuuliza unao. Kama ulinielewa, sina neno la kukuita ambalo mama angependa kulisikia.

Najua utakuja na methali yako, usipoziba ufa utajenga ukuta, nawe umeziba. Aliyesema hivyo alikuwa na ufa uliotulia. Wako unatembea, na wewe unaukimbiza na mwiko mkononi. Tena usiniambie Mungu ameshatuonya mara moja inatosha. Ardhi ikianza kutikisika haiweki ahadi ya kuacha.

Nilimwambia mama ahamie jiko la nje. Ni miti na udongo, paa la nyasi, likianguka litamchafua tu. Akakataa. Nikadhani haelewi, nikaanza kumweleza habari za bahari na mabonde. Akanikatiza. Nakuandikia alivyosema, usije ukasema nimeongeza:

"Osia, mimi si mtoto. Ufa ule nauona, asubuhi unapitisha jua mpaka kwenye shuka. Ila nikihamia jikoni, watu wa hapa watasema Lameck ana nyumba ya bati na mama yake amemtupa kwenye masizi. Bora niangukiwe kuliko mwanangu achekwe."

Nilikaa chini pale kwenye simu, watu wa foleni wakanipigia kelele. Nakuchukia tangu siku ile, kaka, nasema wazi, na najua utapita muda kabla chuki hii haijaisha.

Msalimie shemeji Eda, na umwambie asikuogope. Msalimie baba mdogo aliyeko Momba na ng'ombe wake. Msalimie shangazi wa Tunduma anayebadilisha kwacha, mwambie nimepokea salamu zake. Mchungaji mpe pole ya mguu.

Mama usimpe salamu zangu. Ingia chumbani kwake, beba godoro mwenyewe, mchana, kila mtu akuone, ulipeleke jikoni, umwambie umeamua wewe. Nimemsihi mpaka vocha ikaisha na hakunisikiliza. Anangoja ruhusa yako.

Mdogo wako,
Osia