Mhikori wa Barazani

Stilwell, Oklahoma
9 Juni 1998

Mpendwa mdogo wangu Delbert,

Hujambo? Colleen na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua. Magoti ya Mama bado yanamsumbua, na joto mwaka huu limeingia mapema mno.

Mjomba Amos ameng'olewa meno yote. Akitukana sasa hatumwelewi, tumepata nafuu.

Tuje kwenye mhikori. Ulipokwenda jeshini, Mama alifukia kokwa moja kando ya kijito, akaulinda mche usiliwe na ng'ombe mpaka ukawa mti. Mwaka juzi ulianza kuzaa. Kindi wakazimaliza kokwa zote, naye akacheka tu: "Waache watangulie, kanuchi yangu itakuja." Kinu cha gogo alichoachiwa na Bibi, cha kutwangia kokwa za mchuzi huo wa kanuchi, alishakiosha akakianika.

Ukaja wewe na mashine ya kukodi. Ulitaka kuuhamishia mti pale barazani, Mama apate kivuli. Nia yako ilikuwa njema, sikatai. Lakini alikwambia mbele yangu: "Mwanangu, huo hauhamishwi. Mzizi wake umeshuka chini sana." Ukamjibu, "Mama nawe! Siku hizi kuna mashine." Ulimkata maneno kama ulivyoukata ule mzizi. Mlio wake ninausikia mpaka leo. Ukapiga picha, ukapanda ndege, ukaenda zako California.

Umekauka, Delbert. Masika yamepita bila jani hata moja. Kindi wamehamia kwa jirani, na kule kijitoni limebaki shimo lililojaa maji ya mvua. Nina uchungu nawe, na sitaufunika kwa adabu.

Mama hakulaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kila asubuhi anaumwagilia maji, anaburuta kiti, anakaa chini ya matawi makavu, jua likimpiga utosini. Nikimwambia aingie ndani ananikaripia: "Hebu niache, Oleta! Mtoto kanisogezea kivuli." Jana aliniagiza nikuandikie kwamba mti umeshika vizuri, usije ukavunjika moyo.

Basi, agizo lake nimelifikisha.

Msalimie Colleen, na uwabusu Wes na Tamara kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awatunze huko mliko. Ukipiga simu Jumapili, Mama atakwambia majani ni mengi. Usimbishie.

Dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hii,
Oleta