Mzani wa Katikati ya Mlima

Nyumba ya nyuma ya gereji,
S.L.P. 418.
Jumanne, 14 Mei. Ukungu asubuhi, manyunyu hadi saa tatu.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Miguu imepungua kuvimba? Usinifiche. Sisi huku wazima, na mwanangu kikohozi kimemwachia.

Uliniandikia nimwachie Mungu mambo ya shemeji. Nimemwachia yote, isipokuwa hili moja.

Unakumbuka magari ya marehemu mume wangu yalivyogawanywa. Shemeji, ndugu yake marehemu, alichukua pikapu mpya ya petroli, yenye nguvu za farasi karibu mara mbili ya ile kuukuu ya dizeli niliyoachiwa mimi. Tarehe 9 Februari, mbele ya ukoo mzima, akasema: "Hiyo inakufaa, Karani. Inapiga kelele na haifiki popote, kama mwenyewe." Watu walicheka. Nilirudi nyumbani nikayaandika kwenye daftari, neno kwa neno.

Mwezi uliopita akaifuata na kazi yangu ya kubeba mawe machimboni, kazi inayotulisha. Alimwambia msimamizi kwamba yeye atabeba mzigo uleule kwa nusu ya muda. Msimamizi akaamua tupimane jana: tela moja, tani tatu, kutoka shimoni hadi juu. Atakayefika ndiye mwenye kazi.

Dada, kwenye tambarare petroli ingenilisha vumbi. Nguvu zake ni nyingi, ila huja injini ikishazunguka kwa kasi. Dizeli huvuta tangu mwanzo, ikiwa bado inanguruma taratibu. Nimepima miezi mitatu, kila safari nimeiandika. Na kilima kile kina mzani katikati: kila gari lenye mzigo lazima lisimame hapo, kisha liondoke upya kwenye mwinuko. Shemeji hajawahi kubeba hata jiwe moja pale. Hakuniuliza, nami sikumwambia.

Alitangulia yeye. Alifika mzanini kama mshale, akanipungia mkono. Alipotaka kuondoka, injini ikalia, gari likatetemeka, likarudi nyuma. Akakanyaga zaidi. Mara ya nne klachi ikatoa moshi, wapakiaji wakaziba pua, mmoja akauliza kama bosi ameanza kupika.

Wakamfungua tela, wakamsukuma pembeni. Nikafunga tela lilelile, mawe yaleyale, palepale mzanini. Gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole. Dizeli ikaondoka bila hata kukohoa.

Nilishusha mawe juu, nikarudi na mnyororo. Kabla ya kumfunga niliinama dirishani kwake.

"Kelele inapiga kweli, shemeji. Lakini leo itakufikisha."

Nikamvuta mbele ya watu wote hadi juu, polepole kuliko ilivyohitajika.

Kazi imebaki kwangu. Sioni haya, na nakuomba nasaha za kusamehe uziweke kwanza. Ngoja mwezi upite, bado naonja utamu.

Msalimie mumeo, maana huyo ndiye shemeji, na mapacha, na shangazi mwambie miwani yake naitafuta. Mungu akupe miguu ya kutembea hadi kwangu, nikupandishe kile kilima.

Mdogo wako akupendaye,
Karani

Nilisahau: tangu msiba sijapata usingizi kabla ya saa saba. Jana nililala saa mbili na robo.