Paa la Gari la Baba

Kaka,

Fundi cherehani, jirani yetu, anatangaza kwamba Baba alikurushia nyundo. Si kweli. Nyundo iliteleza yenyewe kutoka kwenye paa lililopinda, na wewe ulikuwa umeshatoka kwa hasira.

Chakula nimekifunika jikoni. Mvua ikija, turubai liko nyuma ya mlango.

Kazi yangu ilikuwa kulowesha kitambaa cha kupoza bati na kusema "bado". Bati la gari la zamani ni jembamba, unachomelea nukta moja kisha unangoja lipoe. Nilisema bado mara tatu. Ukanijibu, "Wewe na bado yako, utazeeka hujaolewa," ukachomelea upande mzima bila kupumzika. Joto likalivuta bati. Sasa lile dirisha la paa tulilolitoa kwenye gari la ajali halikai tena kwenye tundu tulilokata.

~~Ni kosa lako.~~ Ningeweza kukushika mkono. Sikukushika.

Miaka yote Baba hakuruhusu mtu hata kubandika karatasi kwenye gari lile. Alikubali likatwe paa kwa sababu aliyeomba ni wewe.

Hajagomba. Amekaa kwenye usukani tangu asubuhi, tundu juu ya kichwa chake, chai imepoa mkononi. Nimemwita, akasema, "Nenda tu, mwanangu." Basi naenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta paa la gari kama lile, ingawa wanasema yameisha.

Ukirudi, usianze kujieleza. Fungua mlango wa abiria, ukae naye. Utakaa, kaka?

Mdogo wako