Njahi Kabla ya Mizani

Gatuanyaga,
S.L.P. 348,
Thika.
13 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Maluki,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Joto la Doha linakutendeaje, na lile goti limepoa? Sisi tu wazima, ila mimi tangu asubuhi naketi na kusimama kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimeona heri nikuandikie, angalau mikono ipate kazi.

Kesho ni mchujo wa timu ya taifa, hapo Kamenu. Mdogo wangu Wavinya, uliyemfundisha mieleka enzi zako za uaskari jela, amekuwa bingwa wa nchi mara tatu katika kilo hamsini na tatu. Asubuhi akizidi hata kidogo kwenye mizani, hashindani. Nafasi yake itakwenda kwa mwingine, na timu itasafiri bila yeye. Na sasa hivi amezidi.

Kisa ni njahi. Jumapili alikwenda Gatongora kumsalimia mamake Gachanja, mchumba wake, kwa mara ya kwanza. Yule mama akampakulia njahi, yale maharagwe meusi ambayo Wakikuyu humpa mwanamke wanayemtakia uzazi mwema. Wavinya akaona aibu kukataa, akamaliza sahani. Mama akadhani ameipenda, akaongeza, kisha akaongeza tena. Bingwa wa kuangusha watu akaangushwa na mwiko. Najua unacheka, Mjomba, lakini mimi nilikasirika.

Nilimkasirikia zaidi Gachanja. Alikuwa amemwambia mamake kwamba Wavinya ni mwalimu wa michezo tu, akaogopa kutaja mieleka. Mficha uchi hazai, lakini yeye akaficha.

Tangu siku hiyo Wavinya anakimbia kwenye vumbi letu na sweta mbili juu ya karatasi ya nailoni. Chakula hagusi, maji hanywi, na kutwa anatema mate kwenye kopo ili apungue. Leo mchana Mama Gachanja akatokea bila taarifa, amebeba chupa ya uji, kwa kuwa alisikia msichana hali chakula. Akamkuta kando ya jiko, kajifunika blanketi, kopo mkononi. Uso wa mama ukang'aa. Akanivuta pembeni na kuniuliza mimba ni ya miezi mingapi.

Nilikuwa natafuta uongo wa kusema, lakini Wavinya alikuwa amesikia.

"Mama, si mtoto. Mimi hupigana mieleka. Kesho napimwa uzito Kamenu, na nikizidi wananiacha."

Mama Gachanja akalitazama sikio la Wavinya lililovimba kwa mieleka, lile analofunika kwa kitambaa kila Jumapili. Akachukua chupa yake, akaondoka bila hata kuketi. Simu ya Gachanja imezimwa. Wavinya amesema akikosa mchumba atavumilia, ila mieleka haachi, kisha akaangua kilio. Nikamwacha alie, maana machozi nayo ni maji. Roho yangu haitulii, Mjomba. Naogopa kesho atakosa vyote viwili.

Jumamosi asubuhi.

Naimalizia barua hii kwenye benchi, Kamenu. Amepimwa na uzito umekubali! Alishuka mizanini, nikamshika mkono tukatoka nje.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Gachanja na chupa ileile. Hakutusalimia. Aliniuliza mimi:

"Wameshampima?"

Nikamwambia ndiyo. Akafungua chupa, akamimina uji hadi kikombe kikafurika.

"Basi kunywa, Wavinya. Halafu unionyeshe ni nani huyo unaenda kuangusha."

Majina yanaitwa, nami sina budi kwenda kushika sweta. Msalimie Nzioki na binamu zetu wengine wote wa huko. Mama yetu anakuombea kila jioni, na Mungu akufunike kwa mkono wake mpaka tuonane.

Mimi mpwa wako akupendaye,
Wayua