Picha Zilizodaiwa Kuwa na Ukungu

Marshalltown, Johannesburg

Mdogo wangu Zainabu,

Niwie radhi kwa kukaa kimya miezi mingi. Baridi ya hapa inapasua midomo, lakini mimi leo nachemka kwa hasira.

Unamkumbuka Furaha wa Bukavu, niliyemfundisha huko nyumbani? Tasnifu yake inahusu chuma cha pua cha kuta za mitambo ya kuunganisha viini vya atomu. Humo chembe ziitwazo nyutroni huhamisha atomu za chuma na kuzalisha gesi ya heli ndani yake. Heli hujikusanya kuwa viputo, na chuma huwa rahisi kuvunjika.

Viputo hivyo huonekana kwenye darubini ya elektroni iwapo tu lenzi italegezwa kidogo, picha itoke na ukungu kiasi. Furaha aliilegeza. Wakaguzi wa tasnifu wakamrudisha apige upya.

“Eish, Mwalimu, walisema picha ziko na ukungu. Nikapiga zingine safi, viputo vikapotea. Sasa wameandika havikuwepo.”

Mkuu wao, Mkenya, alitualika chakula cha mchana. Nikamwuliza, “Bwana, unapiga picha ya chuma au ya harusi?”

“Mzee wangu, kula kwanza. Ugali unapoa.”

Sikuugusa. Wanamtaka Furaha atie sahihi kwamba chuma ni kizima, ndipo ahitimu. Amekataa, kwa kuwa kuna watu watakaofanya kazi karibu na kuta hizo. Nimedai wakaguzi waketi wenyewe kwenye darubini na kuilegeza lenzi kwa mikono yao.

Mungu awatunze, wewe na wajukuu. Jopo la wakaguzi litakutana Ijumaa. Likishaamua nitakuandikia, awe amehitimu au niwe narudi naye nyumbani bila shahada.

Kaka yako