Nani Alimwosha Swaleh?

Kaka Swaleh,

Mhariri alinituma Mbale kutazama filamu kwa sababu mwandishi wetu wa burudani alikuwa mgonjwa. Mimi ni mtu wa mahakama na polisi, unajua, lakini filamu ilikuwa ya uhalifu, imepigwa Jinja na Mbale, na mhariri aliona hilo linatosha. Nilipomwambia Mama kwamba nakwenda Mbale, alisema anachosema kila mara: "Uulizeulize huko." Hasemi niulize nini. Tangu uondoke sijawahi kwenda Mbale bila agizo hilo, na sikuwahi kurudi nyumbani Nalufenya, hapa Jinja, na jibu. Safari hii nilirudi nalo.

Filamu yenyewe haikunyooka. Ndugu wawili hawasemezani. Mkubwa anavusha kahawa ya magendo kutoka Mbale kwenda ng'ambo ya mpaka, mdogo ni inspekta wa polisi Jinja. Ungeweza kuandika yaliyobaki mwenyewe. Katika kufukuzana, boda boda ileile inapita mara mbili ikiwa na abiria yuleyule. Bastola inatoka kwenye koti la mtu ambaye tumetoka kumwona akipekuliwa. Mvua inanyesha upande mmoja wa barabara, upande wa pili wanawake wameanika nguo.

Nyuma yangu walikaa madereva wawili Wakenya.

"Huyu afande anaingia ghalani peke yake kwa nini? Hana wenzake?"

"Akija na wenzake filamu itaisha, bwana. Na sisi tutaenda wapi?"

Lakini waigizaji waliibeba. Aliyeigiza mdogo alikuwa na uso wa mtu ambaye amefanya sawa na hapendi alichofanya. Aliyeigiza mkubwa alikuwa bora zaidi. Kuna mahali mdogo anamfuata mkubwa ghalani na kumtukana mbele ya wapakiaji wake, matusi ya nyumbani, yale yanayojulikana na watu wawili tu duniani. Ungetegemea mkubwa arushe ngumi. Alisimama. Mikono ya shati lake ilikuwa imekunjwa. Aliishusha, akafunga kifungo cha mkono wa kushoto, kisha cha kulia, bila haraka. Halafu akasema kwa sauti ya chini: "Haya, umeshinda. Tule."

Mimi nilikuwa nimeacha kuitazama filamu.

Tulipokuwa wadogo, sinema ilipokuja mtaani, mmoja wetu tu ndiye angeweza kuingia, na huyo alikuwa wewe kwa sababu ulizaliwa mbele. Ukirudi ulinikalisha ukutani ukanichezea filamu nzima, wewe ukiwa adui, askari, mwanamke na farasi. Nilichopenda ni kwamba hukuongeza chumvi. Ukifika mahali usipopaona ulisema, "Hapa mtu alisimama mbele yangu, sijui kilichotokea," ukaruka. Nilikusihi ubuni. Ulikataa. Watu huniuliza nilisomea wapi kazi hii, nami hutaja chuo.

Chuo kilikuwa Mbale, na tuliishi chumba kimoja mtaa wa Nkoma, mimi nikisoma, wewe ukiendesha lori la kahawa la mtu mwingine. Tuligombana kuhusu kila kitu: nani amemaliza mafuta ya taa, nani ameacha mlango wazi, kama Mungu anaangalia mpira. Watu wengine wakikasirika hukunja mikono ya shati. Wewe uliishusha na kufunga vifungo, kama mtu anayejiandaa kuingia msikitini, na ukishavifunga ugomvi ulikuwa umekwisha. "Haya, umeshinda. Tule." Mara nyingi sikuwa nimeshinda. Tulikula malewa, machipukizi ya mianzi, ya yule mama wa jirani, ambayo wewe ulisema yana ladha ya mkeka uliochemshwa, na ulimaliza sahani.

Kisha magunia yale ya kahawa ya magendo yalikutwa uani kwetu Nalufenya. Polisi walimuuliza Baba nani aliyeyaleta, naye akasema ni wewe. Mahakamani aliulizwa tena, akasimama na kanzu yake ya Ijumaa, akasema tena. Usiku wa kabla yake ulinitaka nimnyamazishe. Sikumnyamazisha, na kama ingekuwa kesho nisingemnyamazisha. Aliyaona magunia. Alifariki ukiwa bado kifungoni, na hukumzika.

Ulipotoka ulifika nyumbani mara moja. Mama alileta ugali na samaki, akakutandikia mkeka. Hukukaa. Ulisema, "Nyumba hii ina wasema kweli wengi mno, mimi sitatosha humu," ukaondoka. Mikono ya shati lako ilikuwa imekunjwa, na hukuishusha. Hapo nilijua hutarudi. Mama hakujua, au hakutaka. Alikuwekea sahani jioni ile, na Ijumaa nyingi baada ya hapo.

Asubuhi baada ya filamu nilimtafuta yule aliyeigiza mkubwa. Anaitwa Barasa, Mkenya, anaziba pancha na kuuza matairi ya mtumba Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, kando ya barabara. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alifurahi kuonwa na mwandishi. Alinivutia tairi nikae, akaagiza chai.

"Ile ya kushusha mikono ya shati," nikamwambia. "Mwongozaji ndiye aliyekufundisha?"

"Nani, yule? Yule alitaka nivunje chupa. Nikamwambia, bwana, mtu mwenye hasira ya kweli havunji kitu, vitu ni bei."

"Na 'umeshinda, tule'? Iliandikwa?"

"Haikuandikwa. Niliitoa kwa dereva mmoja, tulikuwa tunaendesha naye njia ya Juba. Tulikula naye sana."

"Dereva gani?"

Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Nadhani aliona paji la uso. Watu husema tumelipata kwa Baba sote wawili.

"Wewe umetoka Jinja," akasema.

"Ndiyo."

Aliweka kikombe chini. Aliinamisha kichwa, na kwa kweli alikiinamisha vizuri. "Huyo alikufa, ndugu yangu. Pole sana."

Nimepokea habari za vifo kwa miaka mingi na nina maswali yangu, huwa nayauliza kwa mpangilio uleule. Mdomo uliyauliza wenyewe. Alikufa wapi? Njia ya Juba, lori lilipinduka. Alizikwa na nani?

"Na sisi madereva. Hatukumtupa. Alikaa mochari karibu wiki mbili tukimchangia. Tukamnunulia sanduku zuri, lile lenye kidirisha cha kioo, unamwona uso. Na kwaya ilikuja."

"Kwaya."

"Eeh. Waliimba vizuri, mpaka polisi wa trafiki akavua kofia."

Nilikunywa chai kidogo. "Nani alimwosha?"

"Kumwosha?"

"Kabla ya kumzika. Nani alimwosha?"

"Si watu wa mochari? Hiyo ni kazi yao."

"Bwana Barasa, ndugu yangu anaitwa Swaleh."

"Najua anaitwa Swaleh."

"Swaleh gani anazikwa na kwaya?"

Alinitazama, kisha akafunika uso kwa mikono yake myeusi ya grisi na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kicheko kilipokwisha hakikuacha kitu kizuri usoni mwake.

"Nilimwambia sitaweza," akasema. "Nilimwambia, mimi huwa napewa maneno. Niandikie, nitasema mpaka watu walie. Yeye akasema hakuna cha kuandika, ni neno moja tu."

"Alisema nini hasa? Kama alivyosema."

"Alisema, mtu wa kwetu akija, mwambie nimekufa. Usiseme nimekutuma. Sema nimekufa."

"Kwa hiyo ni mzima."

"Wewe ndiye umesema."

"Yuko wapi?"

"Hapo hapana, bwana. Uongo umenishinda, sawa. Lakini kukupa mahali alipo, hapana. Nimekula naye."

Sikumsukuma. Angekuwa shahidi wa mtu mwingine ningemsukuma. Nilimuuliza kama umeiona filamu, akasema uliiona, alikuingiza mwenyewe, ulikaa karibu na mlango. Ulitoka kabla ya mwisho, pale ndugu wawili wanapokumbatiana kando ya maji, muziki unapanda na inspekta anaitupa pingu mtoni.

"Nikamfuata nje," Barasa akasema. "Nikamuuliza, vipi, mbaya? Akasema, mpaka hapo ilikuwa nzuri."

Ni uhakiki mfupi kuliko wangu, na ni sahihi. Niliandika mambo yaleyale katika safu nzima. Inaelekea hilo ndilo jambo la mwisho tutakalokubaliana, na tumekubaliana kila mtu akiwa kwake.

Njiani kurudi nilifikiria la kumwambia Mama. Uliniachia neno moja la kumpelekea, na ningeweza kulipeleka. Lakini angeniuliza palepale nilipomuuliza Barasa: nani alimwosha, nani alimswalia, nani alishuka naye kaburini. Mama amewaosha wanawake wa Nalufenya kwa miaka mingi, na anajua kwamba Mwislamu hafi bila majina ya watu. Ningelazimika kuwabuni hao watu, mmoja mmoja. Hilo sikulijifunza kwako.

Kwa hiyo nilimwambia ilivyo. Alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Ni mzima?"

"Ni mzima."

"Amesema tuambiwe amekufa."

"Ndiyo."

"Kwa kinywa chake? Hakukuwa na mtu wa kumlazimisha?"

"Kwa kinywa chake, Mama."

Aliendelea na mchele mpaka akaumaliza. Hakulia. Baadaye aliniambia nimwite shehe, nami nikamwita. Alitaka usomewe hitma. Shehe ni kijana mpole, alikaa pembeni ya kiti.

"Mama, aliye hai hasomewi hitma. Tumwombee hidaya, Mungu amwongoe."

"Hidaya nimemwombea mpaka magoti yamekataa. Yeye mwenyewe ameomba kingine. Mtu mzima akiomba kitu mara ya kwanza baada ya miaka yote hii, mamake amnyime?"

"Si chake kukiomba, Mama."

"Wala si changu kubishana naye. Babake alibishana naye."

Shehe aliomba dua ya msafiri, fupi, akanywa chai, akaenda. Mama alisema amefanya alichoweza. Siku ya Ijumaa hakuweka sahani ya ziada. Niliitafuta kwa macho, nikaiona kabatini, imeoshwa na kufunikwa pamoja na nyingine.

Jambo nililotaka ulijue lilitokea Jumamosi. Hajati wa duka la jirani alipita getini kama kawaida, akaita, "Mama Swaleh, hujambo?" Mama alikuwa anafagia. Hajati akaita tena, "Mama Swaleh, masikio yameziba?"

Mama akaegemeza ufagio ukutani. "Naitwa Mama Hamadi," akasema, kwa jina langu mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Hajati alicheka, akanitazama ili nicheke naye. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Kisha akamtazama Mama, akaacha kucheka. "Haya, Mama Hamadi," akasema taratibu, "hujambo?" Na Mama akaitikia.

Unajua mtaa wetu. Tangu uzaliwe hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, wengi hawalijui. Baba mwenyewe alimwita Mama Swaleh, hata siku ile aliyotoka mahakamani, alipofika mlangoni na kusema, "Mama Swaleh, nipe maji." Sasa wanajifunza upya, mmoja mmoja. Wanakosea, wanaomba radhi. Wenye umri wanaona vigumu. Mwuza samaki alikosea, Mama akampita kama hakuitwa yeye, na yule mtu akarudi kuniuliza amemkosea nini.

Nilimwambia aache, kwamba heshima hiyo si yangu na sikuitaka. Mimi nilizaliwa wa pili na nimeizoea nafasi hiyo. Ni nafasi nzuri kwa mtu wa kazi yangu, unaona kila kitu na huulizwi. Alisema hakuniuliza. Nilipomwambia nitakuandikia gazetini, kwa kuwa Barasa alikataa kuchukua barua lakini akakiri kwamba unalisoma gazeti hili, ukianzia ukurasa wa mpira, alifikiri kidogo. "Mwandikie," akasema. "Lakini usimwombe kitu."

Kwa hiyo sikuombi. Nakuarifu tu. Barasa usimlaumu, alijitahidi, na ana kipaji. Mama ana afya, isipokuwa magoti. Na ulichokitaka umekipata, si kwa njia uliyoituma, bali kwa njia ambayo haiwezi kukanushwa na shehe wala na mimi. Siku ukipita Nalufenya ukauliza nyumba ya Mama Swaleh, watu wa zamani watakutazama kwanza kabla ya kukujibu. Waliohamia karibuni watakuambia hawamjui, na watakuwa wanasema kweli.

Mdogo wako